Simbilisi wa Amana

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa jikoni nachagua mchele. Mama alikuwa anakuna nazi. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake karibu na dirisha, anasuka ukili. Baba akaingia na mkate wa boflo wa moto, akafungua karatasi.

Nikanyanyua kichwa. Nikasikiliza.

"Mbona kimya?" nikasema.

"Kimya cha nini?" Mama akauliza.

"Simbilisi. Hawakupiga mluzi."

Si kawaida yao. Karatasi ya mkate ikilia tu, simbilisi hupiga miluzi huko juu darini. Wiii! Wiii! Baba hucheka akasema, "Haya, wenye nyumba wameshaamka." Siku ile hawakulia. Baba mwenyewe alisimama na boflo mkononi, anatazama juu.

Nikaweka sinia chini, nikapanda ngazi mbio.

Simbilisi ni mnyama mdogo. Asiyemjua humwona kama panya mnene aliyepoteza mkia. Lakini hana ubaya wa panya. Haumi watu, hatoboi magunia, hapandi ukuta. Sisi tulikuwa nao wawili, ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai. Jike jina lake Kashata, kwa sababu ana mabaka ya kahawia na meupe. Dume jina lake Bungo.

Kashata alikuwa kwenye kona, manyoya yamemsimama. Bungo alikuwa amelala ubavu. Nilipomshika akalia kilio kidogo chembamba, kama mtoto aliyebanwa na mlango. Nikamwachia. Akajaribu kujikokota. Miguu ya nyuma haikumfuata. Kipande cha mkate wa jana kilikuwa pale pale. Alikuwa amekiuma mara moja akakiacha. Pale alipouma pana damu.

Nikaingiwa na khofu. Kwa sababu simbilisi wale hawakuwa wangu.

Walikuwa wa Mwanakhamis.

Mimi na Mwanakhamis tulikaa dawati moja skuli. Miye si msemaji. Mwalimu akiniuliza, hata jibu nikilijua, ulimi unaganda. Watoto wanacheka. Mwanakhamis ndiye aliyekuwa akinisemea. "Mwalimu, Hamda analijua, mpe nafasi kidogo!" Basi naye mwalimu akangoja. Sikuwa na rafiki mwengine.

Halafu bibi yake wa Fumba akaugua, na nyumba nzima ikahamia huko kumuuguza. Simbilisi hawakuweza kwenda. Yule bibi alikuwa hataki kuona kitu kinachofanana na panya. Mwanakhamis akaja kwetu Kiponda na sanduku kichwani, macho mekundu.

"Hii amana, Hamda," akaniambia. "Bibi akipoa tu, ntakuja kuwachukua. Usimpe mtu."

"Simpi mtu," nikasema.

Amana si kitu cha mchezo. Mtu akikuwekea kitu, ukipokee kizima ukirejeshe kizima. Tumefundishwa hivyo chuoni, tunakosoma Kurani, tangu wadogo. Na sasa mmoja yuko ubavu mmoja, mdomo una damu.

Nikamwita Bibi. Akapanda ngazi polepole, anashika ukuta. Akachungulia ndani ya sanduku.

"Lahaula," akasema. "Baridi hiyo imerudi. Si nilikwambia? Baridi imeingia kwenye mifupa."

Hapa lazima nieleze jambo la baridi.

Walipokuja kwetu, simbilisi walikula majani mabichi. Nikiwapa mchicha, matembele, maganda ya tango, wakila. Kisha masika ikaingia. Mboga zote zikawa zimerowa, nami nikawa nawarushia fungu zima, maji yanachuruzika. Wakaanza kuhara. Bibi akasema, "Mchicha baridi. Tango baridi. Chungwa baridi. Mvua nayo baridi. Unawaua, mwanangu. Wape vitu vya moto na vikavu."

Kwetu kila mtu anajua vyakula vya moto na vyakula vya baridi. Mzazi akijifungua hapewi vya baridi. Mwenye kifua hapewi vya baridi. Basi tukawafanyia simbilisi kama mzazi. Tukawapa pumba za mchele na mkate mkavu. Mchicha tukauchemsha mpaka ukalainika, tukauanika juani ukakauka, ndiyo tukawapa. Bibi mwenyewe aliutia tangawizi kidogo.

Baada ya siku chache tu kuhara kukasita. Nyumba nzima tukasema, "Bibi kajua."

Basi ikawa hivyo hivyo. Mvua zikaisha, jua likatoka, na sisi bado tunatoa mkate na pumba. Na simbilisi wenyewe wakawa hawataki kingine. Siku moja nilimpa Kashata jani bichi la tembele. Akalinusa, akaligeuzia mgongo.

"Unaona?" Bibi akasema. "Mnyama anajua kinachomdhuru."

Ile siku Bungo alipolala ubavu, Bibi akasema tuongeze tangawizi. Nikaongeza. Bungo hakula.

Adhuhuri ikapigwa hodi mlangoni. Alikuwa Simai, kaka yake Mwanakhamis, kaleta kikapu cha mihogo kutoka Fumba. Mama akamkaribisha chai.

"Na hao panya wa dada yangu wako wapi?" akauliza. "Kaniambia nisirudi bila ya kuwaona."

Nilitaka kusema wamelala. Lakini Simai alikuwa mtu wa nyumba, akapanda mwenyewe. Nikamfuata nyuma. Akainama, akamtazama Bungo, akamgusa kwa kidole. Bungo akalia.

"Hawa wanakufa hawa," Simai akasema.

"Ni baridi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Baridi gani, na jua lote hili?" Akanitazama. "Unawapa chakula kweli, we Hamda?"

"Nnawapa."

Akatikisa kichwa, akashuka. Chai hakuimaliza.

Fumba si mbali, na maneno hayahitaji gari. Siku ya pili yake Bwana Usi, dereva wa gari ya Fumba, alisimama chini ya dirisha letu akaita, "Hodi wenyewe! Nna salamu za kumpa Hamda!"

Mama akachungulia. "Salamu zipi, Bwana Usi?"

"Za yule binti wa Fumba. Kasema mwambieni Hamda, amana hailiwi. Basi. Ndivyo alivyosema, miye si yangu."

Akaenda zake. Mama akanitazama. Mwanakhamis aliyekuwa akinisemea mbele ya watu, leo kaninenea mimi mbele ya watu. Na Bungo bado anapumua. Akifa, neno la Mwanakhamis litakuwa kweli.

Nikamwambia Mama, "Bwana Bakar anajua wanyama."

"Ssss!" Mama akasema. Akatazama dirishani, kisha akafunga mbao moja.

Bwana Bakar alikuwa jirani yetu. Nyumba yake na yetu zilitazamana, uchochoro mwembamba katikati. Alikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama, akifanya kazi serikalini. Ng'ombe wa Mpendae, punda wa Ng'ambo, mbuzi wa watu, wote aliwatibu yeye. Lakini alikuwa mtu wa serikali. Hapo ndipo palipokuwa na khofu.

"Mtu wa serikali akiona vitu kama panya darini, atamwita bwana afya," Mama akasema. "Bwana afya atawachukua, atawaua, nyumba itatiwa dawa. Jina letu litakuwa wapi?"

Bibi akadakia, "Marehemu mama yangu aliiona tauni. Nyumba zilichomwa moto na makuti yake. Kwa ajili ya panya! Hapana. Tufiche."

Basi tulikuwa tumefungwa. Tukisema, watauawa. Tusiposema, watakufa.

Nikapanda juu. Kashata sasa alikuwa anachechemea mguu mmoja. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Nilikuwa nimeliona siku nyingi, nikidhani ni mkate. Nikaweka kiganja juu yake. Ndani kitu kikapiga teke.

Nikaondoa mkono. Hawakuwa wawili tu.

Sijui niliipata wapi nguvu. Nikashuka, nikaenda kwenye dirisha la nyuma, nikafungua mbao. Ng'ambo ya uchochoro Bi Mwatum, mkewe Bwana Bakar, alikuwa anaanika nguo za watoto.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu! Leo umesema wewe? Kutanyesha."

Nikasema, "Kuna... kuna rafiki yangu mmoja. Ana mnyama. Mgonjwa."

"Rafiki yako."

"Naam."

"Anakaa wapi huyo rafiki?"

Nikatazama chini uchochoroni. Bi Mwatum akaweka nguo begani, akacheka mpaka akashika dirisha.

"Hamda, mwanangu! Hao simbilisi wenu kila asubuhi wanatupigia miluzi, mume wangu akisema, 'Haya, jirani kapata boflo.' Mnadhani ukuta umetiwa pamba masikioni? Tangu jana ndiyo hatuwasikii. Nikamwambia Bakar, kuna jambo kule."

Uso uliniwaka. "Anajua?"

"Siku nyingi."

"Na... hatamwita bwana afya?"

"Bwana afya wa nini? Simbilisi anafugwa, hata huko maabara ya hospitali wanafuga. Ngoja arudi kazini."

Nikamwambia Mama. Mama akakasirika, kisha akatandika mkeka mpya, maana mgeni ni mgeni. Bibi hakuamini. Alipanda juu akalifunika sanduku kwa kanga kuukuu, akaketi mbele yake kama bawabu.

Alasiri Bwana Bakar akaja. Alikuwa mtu mrefu, ana mkoba wa ngozi na kofia ya viua. Tukamwamkia, tukampandisha darini. Nilijibanza nyuma ya mlango.

"Bi mkubwa, shikamoo," akamwambia Bibi.

"Marahaba. Kama umekuja kuua, sisi hatuna kitu humu."

"Nimekuja kunywa kahawa, Bibi. Lakini ile kanga inatembea."

Kweli, kanga ilikuwa inatikisika. Bibi akaishika. Kisha akaiondoa mwenyewe, anasoma dua chini chini.

Bwana Bakar akapiga magoti. Alimnyanyua Bungo kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya makalio. Bungo akalia, naye akamwambia, "Najua, baba, najua." Akamtazama miguu, magoti yamevimba. Akamfungua mdomo kidogo. Ufizi ulikuwa mwekundu, unatoka damu.

"Anakula nini?" akauliza.

Watu wote wakanitazama. Ulimi ukaganda. Nikamwona Bungo mikononi mwake, kichwa kimelegea. Hapakuwa na wa kunisemea.

"Mkate," nikasema. "Na pumba. Na mchicha uliochemshwa, ukaanikwa."

"Majani mabichi?"

"Hapana, Ami Bakar. Walihara."

"Tangu lini hawapati kibichi?"

"Tangu masika."

Akapumua. "Basi ugonjwa wake ni njaa."

"Njaa!" Bibi akasema. "Anakula boflo kuliko mume wa mtu!"

"Tumbo limeshiba, Bibi. Mwili una njaa. Sikilizeni." Akamrudisha Bungo taratibu. "Ndani ya majani mabichi na matunda mna kitu kidogo, hakionekani kwa macho. Kinaitwa vitamini C. Kikikosekana, ufizi unatoka damu, viungo vinavimba, jeraha haliponi. Mbuzi hana shida nacho, mwili wake unakitengeneza wenyewe. Panya hana shida, anakitengeneza. Paka pia. Lakini simbilisi hawezi. Lazima akile kila siku."

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Hakiwekeki akiba mwilini. Na binaadamu ni hivyo hivyo. Mimi na wewe hatuwezi kukitengeneza. Sisi na simbilisi tuko chungu kimoja."

Bibi akafikiri. "Panya anakitengeneza, na huyu hakitengenezi?"

"Ndivyo."

"Basi huyu si panya."

"Si panya, Bibi."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, akasogea karibu na sanduku, akamgusa Bungo kwa mara ya kwanza.

Mama akauliza, "Lakini mchicha tuliwapa, Bwana Bakar. Kila siku nilichemsha sufuria."

"Ndiyo hapo. Vitamini hii haipendi moto. Ukichemsha sana, nyingine inakufa, nyingine inatoka na maji, na maji unayamwaga. Ukianika juani, iliyobaki nayo inakwenda. Mliwapa makapi."

Bibi akainamisha kichwa. Ukili ulikuwa umemwanguka mkononi. "Basi nimewaua miye."

"Hukuua, Bibi," Bwana Bakar akasema. "Uliona wanahara, ukaondoa majani, kuhara kukasita. Ulichokiona ni kweli. Lakini kilichowaharisha ni majani mengi yenye maji, kwa ghafla, na pengine machafu. Dawa yake ilikuwa kupunguza na kukausha maji. Kuacha kabisa ndiko kulikoleta haya."

"Atapona?" nikauliza.

Bwana Bakar akamgusa tena Bungo magoti. 

"Jike, inshallah. Ana mimba, anahitaji vitamini zaidi kuliko mwenziwe, lakini bado anakula. Huyu dume sijui. Simbilisi akikaa siku nzima bila ya kula, matumbo yanasimama. Mkitaka apone, mtamlisha nyinyi. Kuanzia sasa hivi."

Akamtuma Mama pilipili boga, ile kubwa isiyowasha. Muuza mboga alikuwa anapita chini. Mama akateremsha kikapu kwa kamba dirishani, kikapanda na pilipili boga mbili na mapera. Bwana Bakar akaniita.

"Njoo, Hamda. Twanga kipande hiki kilainike. Kamua."

Nikakamua. Maji ya kijani yakatoka.

"Sasa kijiko kidogo. Pembeni mwa mdomo, si mbele. Tone moja. Ngoja ameze. Ukimwagia mengi yataingia mapafuni, utamuua wewe."

Tone la mwanzo lilianguka kwenye kidevu. La pili likaingia. Bungo hakufanya kitu. Kisha taya lake likatikisika. Akameza.

"Hivyo hivyo," Bwana Bakar akasema. "Kidogo, mara nyingi. Na huyu jike utamfunza kula upya. Umemzoesha mkate, hawezi kuupenda mchicha kwa siku moja."

"Nimnyime mkate mpaka ale majani?"

"Hata kidogo! Simbilisi hafungi Ramadhani. Ukimnyima, atakaa na njaa mpaka afe, kwa ukaidi tu. Mkate mpunguzie kidogo kidogo. Asubuhi, akiwa na njaa, mtangulizie jani moja bichi, umelipangusa maji. Akilikataa, liondoe lisioze, kesho mpe lile lile. Usibadilishe kila siku, mnyama anaogopa kitu kigeni. Msugulie jani kwenye mkate wake, lishike harufu. Mkatie pilipili boga nyembamba, umchanganyie na pumba. Siku moja atauma kwa bahati mbaya, akaona tamu."

"Kama watoto," Mama akasema.

"Wabaya kuliko watoto."

Kabla ya kuondoka alituambia mengine, nami niliyashika. Chakula kikubwa cha simbilisi ni nyasi safi. Nyasi ziwepo muda wote, zinamsaga meno na kumtengeneza tumbo. Juu ya nyasi, apate majani ya namna mbalimbali, ukufi mmoja kwa siku: matembele, mchicha kidogo, majani ya kabichi mara moja moja. Kipande cha pilipili boga kila siku. Pera au chungwa, kipande kidogo tu, maana tunda lina sukari. Na maji safi kila asubuhi.

"Na kisamvu?" Bibi akauliza.

"Kisamvu kibichi kina sumu, Bibi. Hicho tuleni sisi, kikishapikwa na nazi. Wala majani ya tungule, hizi nyanya za mchuzi. Wala pilipili za kuwasha."

Kisha akaenda. Sikuona bwana afya. Nyumba haikutiwa dawa. Lakini khofu haikunitoka, ilibadilika tu. Kwanza niliogopa watu. Sasa niliogopa kila nilipopanda ngazi.

Siku zile kila nikipanda nilisimama kwenye kipandio cha mwisho, nikasikiliza kwanza. Kimya. Nikisema moyoni, kashakufa. Kisha nachungulia, naona ubavu unapanda na kushuka. Nampa matone. Bibi alikuwa akinisaidia, anamshika Bungo ndani ya kitambaa kwenye mapaja yake, anamwimbia kama mtoto mchanga. "Kula, mume wangu, kula. Usinifedheheshe uzeeni."

Kashata alikuwa mkaidi. Nilimpa jani la tembele, akalikanyaga. Siku ya pili akalikojolea. Mama akasema, "Huyo kashajibu." Siku ya tatu nikalisugua kwenye mkate, kama nilivyoambiwa. Akauma mkate, jani likaingia pamoja. Akasita. Masikio yakamsimama. Akatafuna, akarudi kulitafuta lililobaki.

"Bibi! Kala!"

"Kala nini?"

"Kibichi!"

Nyasi nazo zilikuwa tabu. Mjini kwetu kuna mawe na kuta, nyasi hakuna. Ilibidi kwenda kiwanja cha Mnazi Mmoja, asubuhi kabla ya skuli, mimi na Bibi na kikapu. Bwana Bakar alisema tukate mbali na njia, pasipokojolewa na mbwa wala mbuzi. Watoto wa darasani kwangu wakaniona.

"Hamda! Kwenu leo hamna wali?"

"Mbee! Mbee! Hamda kawa mbuzi!"

Zamani ningekimbia. Niligeuka kumtazama Bibi. Bibi akavuta buibui lake, akawaambia, "Nyie mnaocheka, nionesheni fizi zenu! Wangapi hamjala tunda tangu Ijumaa? Endeleeni, mtachechemea, tutakuja kuwakatia nyasi na nyinyi."

Wakakimbia wao. Nilicheka mpaka nikamwaga nyasi.

Asubuhi moja Baba akafungua karatasi ya boflo. Nilikuwa nasuka nywele. Juu kukasikika, wiii. Mluzi mmoja. Mwembamba. Mama akasimamisha mbuzi ya kukunia. Kisha mwengine, mzito kidogo, umekatika katikati.

"Huyo Bungo," Bibi akasema, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilipanda. Bungo alikuwa amesimama kwa miguu minne. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umepinda, na mpaka sasa anachechemea, Bwana Bakar alisema hautanyooka tena. Lakini alikuwa ameshika kipande cha pilipili boga mdomoni, anakivuta mbali na Kashata ili asimnyang'anye.

Hatujakaa sana Kashata akazaa. Watoto wawili, wamezaliwa na manyoya na macho wazi, wanakimbia siku ile ile. Tulikuwa tumeshamtenga Bungo kwenye sanduku jengine, maana Bwana Bakar alisema jike akizaa hushika mimba tena hapo hapo, na huyu mwili wake haujapona. Akaniambia jengine, "Watoto hawa wawekee kila jani mapema. Simbilisi aliyeonja vingi akiwa mdogo hatochagua akiwa mkubwa." Nikawawekea tembele, mchicha, pilipili boga, kipande cha pera. Wakaonja vyote, hawana makuu. Mama naye aliacha kuchemsha mchicha mpaka ukafa. Akawa anauinjika motoni kidogo tu, na kila mtu kwetu anapata chungwa au pera kwenye sinia. Bibi anakula la kwake wa kwanza. Anasema la baridi, lakini anakula.

Basi nikaona sasa naweza kumjibu Mwanakhamis.

Gari za shamba zilisimama Darajani. Wanaume wengi, magunia, kelele. Nilivaa buibui la Mama, nikaenda peke yangu mpaka kwenye gari ya Fumba. Bwana Usi alikuwa anafunga mizigo juu.

"Shikamoo, Bwana Usi," nikasema. Hakusikia. Nikapandisha sauti, watu wakageuka. "Bwana Usi! Shikamoo!"

"Marahaba! Nani? Hamda wa Kiponda? Kumbe una sauti!"

"Nna salamu za kumpa Mwanakhamis."

"Haya, sema."

"Mwambie Bungo anakula. Mguu umepinda, lakini anakula. Kashata kazaa wawili. Mwambie walikosa majani mabichi, sikujua, sasa najua. Amana yake ipo. Aje awaone."

"Mbona mengi! Ntayashika?"

"Yashike, Bwana Usi. Tafadhali."

Akayarudia moja moja mpaka akayapata. Gari ikaondoka.

Jioni nilikuwa pale pale Darajani, nimesimama ukutani. Gari ikarudi. Bwana Usi akashuka, anajipangusa vumbi.

"Nimempa, mwanangu. Yote, neno kwa neno. Alikuwa kisimani."

"Kasemaje?"

"Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajitwika ndoo yake akaingia ndani."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

Ijumaa nilikwenda tena, akatikisa kichwa kabla sijamfikia. Nikampa salamu nyengine. Nikamwambia amwambie Mwanakhamis kuwa watoto wamekua, wanakula kila jani, na bado sijawapa majina, nangoja yeye.

Mpaka leo hajajibu.